Pinyo ndogo haizai shevo: tunauziwa nini tunapobadilisha meno ya moto?

Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi. Tarehe 16 mwezi wa kumi, mwaka uleule, njia ilifunguliwa tena, lakini kwa kota: tone 18.125 mpaka mwisho wa 2025, kisha tone 96.600 kila mwaka kwa 2026 na 2027. Wenye kufanya kazi ku kobalti wanaelewa hesabu hizo bila kufundishwa na mutu. Pale tone zinahesabiwa, siku za kazi na prime nazo zinahesabiwa. Njo maana katika familia nyingi watu wanatafuta mushahara wa pili, na mushahara huo mara nyingi uko na magurudumu mawili. Mutoto mukubwa anabeba watu, shemeji anapakia magunia, ao baba mwenyewe, akitoka ku poste ya usiku, anafanya kozi mbili tatu mbele ya kulala.

Penye moto kuna fundi, na penye fundi kuna muuzaji. «Papa, moto yako haipande mulima na muzigo? Badilisha pinyo. Tia kurone kubwa. Itaongeza shevo.» Wandugu wameleta ulizo hilo mpaka ku mikutano ya sendika: ni kweli ao ni uongo? Feza inatoka mufukoni, moto inaruka vizuri wakati wa kuanza, na mutu anaamini amenunua nguvu. Tuangalie basi kitu gani amenunua, na nani atalipa bei yake ya kweli.

Shevo moja ni nini

Kwa wenye hawajui: pinyo ni lile gurudumu dogo la meno la mbele, lenye kutoka ku boite ya vitesi. Kurone ni lile kubwa la nyuma, lenye kushikwa na tairi. Katikati yao inapita shene. Moteri inazungusha pinyo, pinyo inavuta shene, shene inazungusha kurone, na kurone inazungusha tairi.

Shevo nayo ni kipimo. Kilianza Uingereza katika miaka ya 1780, wakati wa James Watt, mutu wa mashine za mvuke. Mashine zake zilivuta maji katika machimbo ya bati na ya shaba ya Cornwall. Watu waliozoea kuzungusha mashine kwa farasi walitaka kujua mashine moja inashika nafasi ya farasi ngapi. Watt akafanya hesabu ya kazi ya farasi, na jina likabaki. Katika kipimo tunachotumia sisi, shevo moja ni kupandisha kilo 75 juu kwa metre moja katika segonde moja.

Mwenye kuvuta gunia na kamba kutoka chini ya shimo anaelewa mara moja. Mambo ni matatu: uzito, urefu, na muda. Ukipandisha kilo 75 kwa metre moja katika segonde mbili, umetoa nusu ya shevo. Ukigawanya gunia mara mbili na kupandisha kilo 37 na nusu, kila nusu kwa segonde yake, mukono hauchoki sana, lakini kwa segonde mbili umepandisha gunia lilelile. Nguvu yako haikuongezeka. Umepanga kazi namna ingine.

Pinyo na kurone zinafanya kazi hiyohiyo ya kupanga.

Hesabu ya meno

Tuchukue mufano mwepesi: moto yenye pinyo ya meno 15 na kurone ya meno 45. Gawanya 45 kwa 15, unapata 3. Maana yake pinyo inazunguka mara tatu ili tairi izunguke mara moja.

Tuseme, katika vitesi fulani, pinyo inazunguka mara 1.000 kwa dakika, na nguvu yake ya kuzungusha ni 30 kwa kipimo cha Newton-metre. Ku tairi, mizunguko inagawanywa kwa 3: inabaki 333. Nguvu ya kuzungusha inazidishwa kwa 3: inakuwa 90. Sasa zidisha nguvu kwa mizunguko. Mbele, 30 mara 1.000 ni 30.000. Nyuma, 90 mara 333 na sehemu yake ni 30.000. Ni kitu kimoja.

Sasa fundi anatosha pinyo ya 15 na kutia ya 14. Tunagawanya 45 kwa 14: ni 3,21. Nguvu ya kuzungusha ku tairi inapanda mpaka 96,4. Mizunguko ya tairi inashuka mpaka 311. Zidisha tena: 30.000. Hakuna shevo hata moja iliyozaliwa. Tairi inasukuma zaidi kwa karibu 7 ku 100, lakini inazunguka polepole zaidi kwa kipimo kilekile. Moto iliyokuwa inafika kilometre 90 kwa saa kwa mizunguko fulani ya moteri, sasa kwa mizunguko ileile inafika 84.

Kutia kurone kubwa ku nyuma ni njia ingine ya kufika palepale. Meno 48 na pinyo ya 15 inatoa 3,2. Njo maana mafundi wanasema jino moja la mbele ni karibu sawa na meno matatu ya nyuma. Kwa moto ya mufano wetu wanasema kweli.

Kuruka mbele: wapi unapata, wapi unapoteza

Musiniambie kwamba motari mwenye kusema «moto yangu inaondoka mbio kuliko zamani» anasema uongo. Anasema kweli. Katika vitesi ya kwanza, kwa mizunguko ileile ya moteri, tairi inasukuma zaidi kwa 7 ku 100, na moto inaruka. Lakini mizunguko ya moteri inafika mwisho haraka pia. Anapashwa kuingiza vitesi ya pili mapema, kisha ya tatu mapema, na kila mara anapobadilisha anapoteza kidogo ya kile alichopata. Mwishoni, ile vitesi ya mwisho inakwisha kwa 84 pale zamani ilikwisha kwa 90.

Kuna mupaka ambao hakuna meno yanayoweza kuuvuka. Chukua moto ya shevo 12. Shevo 12 mara 75 ni 900. Ukienda kilometre 36 kwa saa, ni metre 10 kwa segonde. Gawanya 900 kwa 10: moto hiyo, hata ukiitia meno gani, haiwezi kusukuma zaidi ya kilo 90 kwa mbio hiyo. Kwa kilometre 72 kwa saa haiwezi kupita kilo 45. Na hapo sijatosha bado kile kinachokulwa na boite, shene, tairi na upepo. Meno yanaweza kukusaidia kukaribia mupaka huo, kwa kuleta moteri ku mizunguko ambako inatoa shevo zake zote. Kuupita, hapana.

Njo hapo inaonekana nani anapata faida ya kweli. Moto yenye meno marefu, ikipakia muzigo na kupanda mulima, inaweza kushindwa kufikisha moteri ku mizunguko mizuri. Inakoroma, inakufa. Shevo 12 ziko ndani lakini hazitoki. Hapo kufupisha meno kunasaidia, na kuna moto zenye muzigo zinazopanda mbio zaidi kisha kubadilisha. Lakini mwenye kupita kila siku ku goudron, njia sawa, na mutu mumoja nyuma, atakuwa analipa faida ambayo haitumii.

Karatasi ya kipimo nayo inadanganya kama huisomi vizuri

Kuna mashine za kupimia shevo. Katika garaji za mashindano za Ulaya na Marekani wanapandisha moto juu ya rola kubwa ya chuma, nzito sana, na uzito wake unajulikana. Mutu anafungua gazi yote. Mashine inaangalia rola inaongeza mbio kwa haraka gani, inafanya hesabu, na inatosha karatasi ya shevo ku tairi.

Sasa sikia jambo la kushangaza. Ukipima moto moja mara mbili, mara ya kwanza na meno marefu, mara ya pili na meno mafupi, karatasi mara nyingi haitasema namba moja. Na ile ya meno mafupi, ile ambayo motari anaisikia kuwa na nguvu zaidi, inaweza kutoa shevo kidogo zaidi!

Sababu yake ni hii. Moteri haisukumi rola peke yake. Inapashwa pia kuharakisha vyuma vyake yenyewe: vilebreken, ambreyazhi, gia za ndani. Kwa meno mafupi moteri inapanda mizunguko haraka zaidi, na kwa kuharakisha vyuma vyake hivyo inakula sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake. Kinachobaki kufika ku rola kinapungua kidogo. Kwa meno marefu moteri inapanda taratibu, inakula kidogo, na rola inapata zaidi. Moteri ni ileile, esansi ni ileile, karatasi ni mbili. Njo maana wenye kupima kwa haki wanatumia meno yaleyale na vitesi ileile kila mara.

Kuna mutego wa pili. Karatasi inaweza kuonyesha pia nguvu ya kuzungusha. Ili mashine ijue nguvu ya kuzungusha ya moteri, inapashwa kujua moteri ilizunguka mara ngapi wakati tairi ilizunguka mara moja. Ukibadilisha meno na mupimaji akaacha hesabu ya zamani, karatasi itaonyesha nguvu ya kuzungusha iliyopanda kwa 7 ku 100, nayo ni makosa ya hesabu tu. Shevo hazitabadilika kwa kosa hilo, kwa sababu mashine inazipata kwa kusukumwa kwa rola na mbio yake.

Mafundi wengi wa kartye zetu hawana mashine ya namna hiyo. Kwa hiyo anayekuambia «nimekuongezea shevo mbili» hajapima kitu. Alisikia moto inaruka, na wewe ulisikia inaruka.

Nani analipa

Ukienda kilometre 60 kwa saa na moteri ilikuwa inazunguka mara 5.000 kwa dakika, kwa pinyo ya 14 itazunguka karibu mara 5.360. Kila kilometre, mizunguko zaidi: mara nyingi esansi zaidi, joto zaidi, mafuta ya moteri kuchakaa haraka zaidi. Shene nayo inateseka. Ku pinyo ndogo inajikunja zaidi kila inapopita, na inavutwa kwa nguvu zaidi. Ukitia kurone kubwa nyuma na kuacha pinyo ya mbele, shene haivutwi zaidi ya zamani, ila itakuomba kuongeza vipande. Njo maana, kama ni lazima kufupisha, kurone kubwa inatunza shene kuliko pinyo ndogo.

Tuweke sasa magunia juu ya moto. Moto kilo 110, motari kilo 70, magunia mawili ya kilo 60: jumla kilo 300. Ku mulima wenye kupanda metre 10 kwa kila metre 100, ukienda kilometre 36 kwa saa, unapandisha kilo 300 metre moja kila segonde. Hiyo ni shevo 4, bila kuhesabu upepo na mavumbi ya njia. Ongeza gunia la tatu: kilo 360, karibu shevo 5. Moto ya shevo 12 inaweza, na kwa meno mafupi inapanda bila kulalamika. Mwenye magunia anaona moto inapanda, anasema: «Tia la tatu.»

Lakini kila mulima uko na upande wa kushuka. Freni zilitengenezwa kwa uzito fulani, na hakuna aliyezibadilisha. Ni kweli, kwa meno mafupi, ukifunga gazi moteri inazuia tairi ya nyuma zaidi kidogo. Hiyo haitoshi kwa kilo 60 za nyongeza ku njia ya mavumbi wakati wa mvua. Tairi hazikuongezwa, amortisere hazikuongezwa, shasi haikuongezwa. Kamba hukatikia pembamba, na ku moto yenye magunia matatu, pembamba ni freni.

Angalieni sasa mugawanyo. Kijana anayeendesha moto ya mutu anapashwa kuleta versema kila siku, yaani ile feza ya mwenye moto. Versema haishuki eti juu moto inakula esansi zaidi. Esansi mara nyingi ni ya kijana. Pinyo ameinunua kijana. Mwenye magunia amepata gunia la tatu kwa safari moja. Mwenye moto amepata versema yake. Kijana amepata kuruka mbele kwenye vitesi ya kwanza, na siku moto ikianguka, ni mama yake atakayekaa ku lopitalo kuombwa feza ya kulazwa. Ninaita hii mambo ya sendika, hata kama kijana huyo hana kontra wala namba ya kazi. Mupango ulioongeza faida ya mumoja umehamisha gharama kwa mwingine, na njiani wakauita «nguvu».

Tumeshaona hesabu ya namna hiyo ku karatasi ya mushahara. Wanapandisha prime ya uzalishaji, wanaongeza saa, na wanakuambia umeongezwa. Ukizidisha na kugawanya, bei ya saa moja imebaki palepale, ao imeshuka. Aliyejifunza kugawanya 45 kwa 14 anaweza kugawanya mushahara wake kwa saa zake.

Mbele ya kutosha feza

Mbele ya kununua pinyo, tafuta shevo ulizopoteza, zile ulizolipia siku ulinunua moto. Filtre ya hewa iliyojaa mavumbi ya njia za machimbo inaziba pumzi ya moteri. Supape zisizorekebishwa, karbirateri chafu, shene kavu, tairi bila hewa ya kutosha: vyote hivyo vinakula nguvu. Kuvirekebisha kunarudisha shevo za kweli, na mara nyingi ni kwa feza kidogo.

Kama bado moto inashindwa ku mulima wako wa kila siku, muulize fundi namba mbili: meno ngapi mbele, meno ngapi nyuma. Gawanya mwenyewe. Badilisha kidogo, karibu 5 mpaka 7 ku 100, usiruke mara moja mpaka 15. Angalia meno ya zamani: yakiwa yamepinda kama kulabu, badilisha pinyo, kurone na shene pamoja, kwa sababu shene ya zamani inakula meno mapya. Kumbuka pia kompteri. Yenye kamba ku gurudumu la mbele itaendelea kusema kweli. Yenye kuhesabu kutoka ku boite itaonyesha mbio kuliko ile unayokwenda.

Na ku sendika, tuache kuona moto kama jambo la vijana wa barabarani. Ni mushahara wa pili wa nyumba zetu, hasa miezi hii ya kota. Tunaweza kukubaliana, wenye kupakia na wenye kupakilisha, juu ya uzito ambao moto moja haipashwi kupita, meno yake yawe gani. Mwenye magunia akitaka la tatu lifike, moto irudi kulichukua, na alipe safari ya pili.